Mafuta ya Behewa

Ndugu zangu, leo sitaanzia kwenu. Nitaanzia kwangu, maana nikianza na ninyi nitakuwa nimepanda juu ya vichwa vyenu, na mimi sistahili kupanda hapo.

Mwaka tulipomwoza binti wa mzee mmoja wa usharika ule niliotumika kabla ya huu, lililetwa gari kutoka mjini. Gari la Kimarekani, la zamani, refu, na bampa lake linang'aa hata ungejitazama ukanyoa ndevu. Kwa kuwa mimi ndiye mwinjilisti, nikapewa kiti cha mbele. Kile hakikuwa kiti, kilikuwa sofa. Kimoja tu, kirefu, kinatoka mlango huu kinafika mlango ule, na springi zake zinakurusha taratibu kama mtoto anayebembelezwa. Boneti mbele yangu ilikuwa pana, ungeweza kuanika mahindi. Injini haikukohoa kama magari yetu haya. Ilinguruma chini chini, kama mtu aliyeshiba anaongea na mkewe. Nikavimba. Mimi, mtoto wa mkata mkonge, niliyemaliza darasa la saba kwa kusukumwa, nikaweka kiwiko dirishani.

Kwenye kona ya ghala la mkonge tulimkuta mama mmoja wa usharika wangu, ana mtoto mgongoni, amemfunika kanga mpaka usoni. Akanyoosha mkono kutusimamisha. Nilimfahamu. Na nilifahamu kuwa mtoto ana homa, kwa sababu asubuhi ileile alikuja kuniomba nimwombee. Mimi nikainua mkono wangu nikampungia.

Dereva akaniuliza, “Mwinjilisti, yule si anatusimamisha?”

Nikamjibu, “Hapana, anafurahia harusi.”

Mtoto alipona. Lakini nilipompungia mama yake sikujua kama atapona, kwa hiyo kupona kwake hakunisafishi. Nimeliungama hilo mbele za Mungu mara nyingi. Leo naliungama mbele yenu, ili mtakapoudhika na mfano huu mjue na mimi nimo.

Basi sikieni. Watu wa mfano huu msiwatafute mtaani, nimewatunga. Dhambi zao sikuzitunga.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa nyapara katika shamba la mkonge. Mzungu wa shamba alipofunga mizigo kurudi kwao alishindwa kuondoka na gari lake, akamwachia nyapara. Lilikuwa gari la Kimarekani, lile la mlango wa nyuma, na ubavuni limechorwa mistari kama mbao za mvule. Watoto walipoliona mara ya kwanza walikimbia wakisema kabati linatembea. Lakini watu wazima waliliita Behewa, kwa urefu wake, na kwa kuwa kwaya nzima ya akina mama iliwahi kuingia humo na bado pakabaki nafasi ya ngoma.

Mji ule mdogo ulilipenda Behewa. Msiwacheke. Watu wale walizoea kusafiri wakiwa wamekalia magunia, na hapa kuna kitu kimepita kwao kinachosema kuwa hata mtu wa kwetu anaweza kubebwa kama mtu. Bibi harusi aliyeshushwa na Behewa alitembea tofauti. Na maiti aliyebebwa na Behewa, hata kama alikufa na shati moja, alikwenda makaburini kama mkuu wa mkoa.

Shida yake ilikuwa moja. Lilikunywa. Jamani, lilikunywa! Gari dogo likienda hospitali ya wilaya na kurudi, Behewa kwa mafuta yale lingefika kwenye daraja tu. Silinda nane, na kila moja ina kiu yake. Mimi si fundi, ila nimewahi kuuliza kwa nini magari ya namna ile yanakula hivyo, nikaambiwa kuwa mafuta yake mengi hayabebi abiria. Yanabeba chuma. Gari linajibeba lenyewe, na abiria anapata kilichobaki. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Kwa sababu ya kiu hiyo, ukawapo utaratibu. Mzee hakukodisha gari lake. Mwenye harusi au mwenye msiba alilijaza tangi, basi. Waliita kulinywesha. Behewa linaletwa mpaka mlangoni, ndugu na majirani wanakuja na madumu yao, yanamiminwa mbele ya watu wote ili ijulikane nani kaleta. Na ilikuwa ni lazima lijae. Mzee alisema tangi limezeeka, chini limeweka kutu na tope, na mafuta yakipungua uchafu ule unapanda kwenye injini, gari linazimika porini. Mshale wa kuonyesha mafuta ulikufa siku nyingi, umelala chini kabisa. Kilichomo ndani ya tangi alikijua mzee peke yake, kwa kijiti chake cha kupimia.

Sasa, jirani na mzee huyu aliishi fundi baiskeli na mkewe. Mke alikuwa mshonaji. Yeye ndiye aliyeshona mapazia meupe ya Behewa, yale yanayofungwa madirishani siku za msiba, na hakuchukua kitu. Alisema, “Mapazia ya Behewa ni ya wote, nitajidai nani?”

Jumatatu moja asubuhi mama huyu alishikwa na tumbo. Halikuwa tumbo la kunywa chai ya tangawizi ukalala. Lilikuwa gumu kama ubao, na jasho linamtoka huku anatetemeka. Nesi wa zahanati akamgusa, akatoka nje na mume, akamwambia, “Baba, hili ni la kupasuliwa. Apelekwe wilayani leo. Nimesema leo. Ukingoja basi la kesho utanitafuta bure.”

Basi la siku ile lilishapita alfajiri. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande mwingine wa wilaya. Pikipiki zilikuwapo, lakini mtu mwenye tumbo lile utamkalishaje kwenye pikipiki? Mume akakimbia kwa mwenye mashine ya kusaga, akapewa dumu moja dogo la petroli kwa kuombaomba. Akalishika, akaenda kwa mzee.

Alimkuta uani anafuta taa za Behewa kwa fulana kuukuu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo, umekimbizwa na nyuki?”

“Mama watoto amezidiwa, mzee. Nesi kasema wilayani, leo hii. Nimekuja na mafuta.”

Mzee akaacha kufuta. Akalitazama dumu, akalitazama gari, akacheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anayeona mtoto kaleta kijiko kuchota kisima.

“Mwanangu, hili ni Mmarekani. Kwa dumu hili Behewa litasukutua tu mdomo.”

“Tukifika mjini nitaongeza. Nina shemeji yangu pale sheli.”

“Na tusipofika? Tope likipanda kwenye injini, gari likazima katikati ya mkonge na mgonjwa yumo, utamlaumu nani? Si utanilaumu mimi?”

“Mzee wangu, nitalaumu nani tena, wewe nisaidie tu.”

“Sijakataa,” mzee akasema. “Tuelewane. Sijakataa. Nenda kaombe majirani, lijae, mimi nitavaa viatu dakika hiyohiyo. Utaratibu wenyewe unaujua.”

Mkewe mzee alikuwa mlangoni anakoroga uji. Akasema kwa sauti ya chini, “Baba, si Jumamosi tu…”

“Uji unaungua, mama,” mzee akamkatiza.

Yule mama akarudi ndani kutazama uji ambao haukuwa unaungua.

Mume akazunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye pikipiki akamwambia, “Kaka, nilichonacho ni cha kutafutia riziki ya leo.” Mwalimu akamwambia, “Pole sana, tutamweka kwenye maombi.” Mwenye duka alikuwa na pipa zima nyuma ya nyumba, akasema lina mwenyewe. Wale wa kwaya, walioimba na mgonjwa miaka yote, wakasema ngoja wakutane jioni waone watafanyaje. Hakuna aliyemtukana. Mnanisikia? Hata mmoja hakumtukana. Wote walimwambia pole.

Jua lilipokuwa kali kabisa akarudi na dumu lake lilelile. Akatafuta wanaume, wakamlaza mkewe juu ya kitanda cha kamba, wakaanza kumbeba kuelekea barabara kuu, kwamba huenda lori likapita. Hawakufika. Walipolikaribia kalavati la pili, mama akaomba wamshushe chini apumzike kidogo. Wakamshusha. Akapumzika moja kwa moja.

Jumatano ikawa siku ya kuzika. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mji ule ulipoamka.

Turubai lilifungwa kabla jua halijapanda. Masufuria yakaletwa. Na madumu! Madumu ya njano, ya bluu, meupe, yamepangwa barazani kama askari. Mwenye pikipiki kaleta. Mwalimu kaleta. Mwenye duka lile pipa lenye mwenyewe kalifungua, kaleta madumu mawili, na kayaweka mbele yaonekane. Kwaya imeleta, na sare imevaa.

Mzee akaja na Behewa, limeoshwa, mapazia meupe yamefungwa. Akashuka, akavua kofia, akasema, “Jamani, msiba huu umenigusa. Marehemu ndiye aliyeshona mapazia haya. Leo msilinyweshe. Mafuta natoa mimi mwenyewe.”

Watu wakanong'ona kwa kusifu. Lakini mwenyekiti wa mazishi akainuka. “Mzee, Mungu akubariki, ila hapana. Marehemu wetu ana heshima zake. Hatuwezi kumsindikiza kwa mafuta ya mtu mmoja kama vile hakuwa na watu. Fungueni tangi!”

“Nimesema natoa mimi.”

“Na sisi tumesema hapana, mzee. Utatutia aibu.”

Kwa mara ya kwanza mzee akaonekana mzee. Akasimama karibu na kizibo cha tangi kana kwamba anataka kukikalia, lakini vijana wakamsogeza kwa adabu, wakafungua. Wakakata chupa ya plastiki wakaitia kwenye mdomo wa tangi. Mwenyekiti akasema kwa utaratibu dumu la kwanza ni la mfiwa.

Mume wa marehemu akaja na dumu lake. Akamimina mwenyewe.

Hakumimina sana. Mafuta yakapanda kwenye chupa, yakajaa, yakamwagika. Yakateremka ubavuni juu ya zile mbao za kuchora, yakatiririka chini ya gari mpaka kwenye miguu ya wale waliomaliza kuliingiza jeneza garini.

“Simama, limejaa!” kijana mmoja akasema.

“Limejaaje? Hatujatia kitu,” mwenyekiti akajibu.

“Ni hewa hiyo,” mzee akasema. “Ni povu tu. Litikiseni, litashuka.”

Wakalitikisa. Wakangoja. Harufu ya petroli ikapanda mpaka waimbaji wakaanza kukohoa. Mume akamimina tena, kidogo tu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Yakamwagika tena.

Hapo mke wa mzee akaweka mikono kichwani. “Jumamosi ile ya harusi mvua ilinyesha,” akasema, anaongea kama anaongea peke yake. “Upande wa bwana walilijaza. Upande wa bibi nao wakaleta ya akiba. Msafara haukuzunguka popote, tulishuka mlangoni pa kanisa tukaishia hapo. Jioni yake baba kalipima kwa kijiti, kaongeza ile akiba mpaka juu. Mimi nilitaka kusema. Nilitaka kusema Jumatatu.”

Watu wote wakamgeukia mzee. Unajua alisema nini? Alisema, “Askofu anakuja Jumapili. Nilikuwa nalitunzia Askofu.”

Mume akaliinua dumu lake juu kidogo ili mzee alione vizuri.

“Mzee wangu, hili ni dumu lile la Jumatatu. Ulisema Behewa litasukutua tu mdomo. Mbona leo limetema?”

Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati, na mwenye duka akapaza sauti kuliko wote, “Muuaji huyu! Mtoeni hapa, asituchafulie msiba!”

Mfano ungeweza kuishia hapo, na sisi sote tungerudi nyumbani tukimchukia mzee na gari lake, tukala chakula vizuri. Lakini mfiwa akawazuia wale vijana. Akageuka barazani, akaanza kupita mbele ya yale madumu. Polepole. Akaligusa moja kwa mguu, akasikia limejaa. Akaligusa la pili. Akafika kwenye yale mawili ya mwenye duka.

“Na haya?” akauliza. “Haya Jumatatu yalikuwa wapi?”

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama chini. Akaitazama kwaya. Yule mwenye pikipiki akajificha nyuma ya nguzo ya turubai.

“Huyu alikuwa na tangi moja,” akasema, akimwonyesha mzee kwa kidevu. “Ninyi, hesabuni wenyewe mlikuwa na mangapi. Mtoeni mke wangu kwenye hilo gari.”

Wakamtoa. Wakambeba mabegani, kwa miguu, hadi makaburini, na mapazia aliyoyashona yakabaki yanapeperuka kwenye gari tupu lililoshiba. Madumu yakabaki barazani. Hakuna aliyerudi kuchukua la kwake, siku ile wala wiki ile, kwa kuwa kulichukua ni kusema mbele ya watu: hili ni langu, na Jumatatu nilikuwa nalo. Yakakaa pale mpaka rangi ikapauka kwa jua.

Ndugu zangu, sisi ni nani katika mfano huu?

Najua kila mmoja amejichagulia. Mimi ningependa kuwa nesi. Wengine mnataka kuwa mfiwa. Mzee hakuna anayemtaka. Lakini niwaulize: usharika huu una kamati ya mazishi au hauna? Tunayo. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina turubai, ina viti na masufuria makubwa yenye alama ya rangi nyekundu yasiibwe. Mtu wetu akifa leo saa nne, saa sita turubai limesimama. Sasa nionyesheni kamati ya wagonjwa. Iko wapi? Mwenyekiti wake nani? Mtu wetu akiugua leo saa nne, saa sita amepata nini? Amepata pole.

Tunawapenda watu wetu wakiwa hawawezi tena kutuomba kitu. Maiti haitasema ongeza mafuta mjini. Maiti haitarudi wiki ijayo na tumbo lilelile. Ukimchangia maiti unaonekana na watu wote, dumu lako linamiminwa mchana kweupe. Ukimpeleka mgonjwa hospitali hakuna anayekuimbia. Labda atakutapikia kwenye kiti.

Nilisema nitalirudia lile neno. Gari kubwa linakunywa sana kwa sababu linajibeba lenyewe. Uzuri wake ndio uzito wake. Sasa pimeni heshima yetu kwa kijiti hichohicho. Sare mpya za kwaya, keki ya kumpokea mgeni, kiti cha mbele cha mwinjilisti, msafara wa kumlaki Askofu, haya yote yana mng'aro, nami nayapenda, msinidhanie malaika. Lakini yanakunywa. Na tukishajibeba wenyewe, aliye barabarani na mtoto mgongoni anapata nini? Anapungiwa mkono.

Siku Bwana atakapokuja hatauliza gari letu lilikuwa refu kiasi gani. Nami naogopa hata kiu yake hatatuuliza. Naogopa atafungua tangi. Naogopa atakuta limejaa.

Sina maneno mengi zaidi. Pale mwisho wa benchi, karibu na mlango, amekaa bibi yetu Nakiete. Mguu wake mmeuona umefungwa kanga, na najua mmeuona kwa sababu mnauruka mkipita. Jumanne ameitwa hospitali ya wilaya, na basi hawezi kulipanda. Nilipomuuliza kamwambia nani, akasema hataki kusumbua watu.

Humu ndani wapo wenye magari. Yapo mazuri, lipo na moja la kubebea kuku, nalo linafaa. Sitaki mtu anyooshe mkono, mikono nimeshaikosea heshima mimi mwenyewe. Sadaka ya mafuta pia sitaki, isije ikapangwa hapa mbele ikapendeza. Naomba mtu mmoja. Tukishamaliza sala ya mwisho, wengine mkitoka, wewe mmoja baki pale mlangoni, umwambie bibi Jumanne utamfuata saa ngapi.